Chozi wa Dirishani kwa Mama Beryl

Divine, mjukuu wa dada yangu, anasoma chuo kule Kensington na amepanga nyumba pamoja na wenzake wanne. Wiki iliyopita alinitumia video ya ndege mdogo kuliko kidole gumba changu, amesimama hewani mbele ya ua, mabawa hayaonekani kwa kasi yake. Chini ameandika, "Bibi, please, nataka huyu aje kwenye backyard yetu. Nifanyeje?" Nikamjibu kwamba huyo kwao ni Amerika, na akimsubiri hapa Sydney atasubiri mpaka apate mvi kama zangu. Akanirudishia kile kisura cha njano kinacholia. Basi nikaona niandike kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaokaa nyumba za kupanga zenye uwanja mdogo nyuma, na zaidi kwa ajili yenu vijana wa kanisani kwetu Blacktown mnaoanza kazi ya bustani mkidhani ni kazi ya mashine na miwani ya jua.

Mimi nimetunza bustani za watu katika mji huu kwa miaka kumi na saba. Niliacha mwaka juzi, goti la kulia liliponiambia basi. Jina langu ni Konsolata, lakini wateja waliliona refu wakalipogoa, likabaki Koni. Sikukasirika, maana kupogoa ndiyo kazi yetu.

Huyo wa Amerika tumwache. Tunaye wetu. Ana mdomo mrefu mwembamba uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, kichwa cheusi, koo jeupe lenye doa la rangi ya kutu, na jicho jekundu. Anaponyonya ua huweza kusimama hewani kwa muda mfupi, na ukiwa karibu unayasikia mabawa yake, frrp, frrp. Wenyeji wana jina lao. Mimi tangu siku ya kwanza nilimwita chozi, kwa sababu anafanana na chozi waliokuwa wakinyonya maua ya migomba yetu kule Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi tulikofikia na wazazi wangu tulipotoka Burundi. Wataalamu wataniambia si ndugu wa damu. Najua, ila jina limeshakaa.

Watu wengi wakitaka kumwita huanza na ua. Mimi nasema anza na maficho. Ndege huyu ni mwepesi kuliko kijiko cha chai, kila kiumbe kinataka kumla au kumpiga, na hawezi kutulia akanywa mahali ambapo hana pa kukimbilia. Panda vichaka vilivyosongamana, vya miiba ikiwezekana, vimfike mtu kifuani, na maua yake yawe humo humo ndani au hatua moja kando. Yawe maua membamba, marefu, yanayoning'inia. Kuna vijiti vya asili ya huku vyenye maua kama kengele ndogo, huchanua wakati wa baridi, na hapo ndipo chozi wengi hushuka kutoka milimani kuja mjini kutafuta riziki. Salvia na fuksia nazo huzipenda, ingawa ni wageni kama sisi. Weka sahani pana ya maji, kina chake kisizidi fundo moja la kidole, na maji uyabadilishe kila siku. Paka afungiwe ndani. Dawa ya wadudu usipulize kabisa, maana chozi halei watoto wake kwa utamu wa maua peke yake, huwalisha buibui na wadudu.

Wapo wanaokimbilia migrivilea. Mnaijua, ile miti inayopandwa kwenye mashamba ya kahawa itie kivuli. Asili yake ni huku, nami nilipoiona mara ya kwanza kando ya reli nilifurahi kana kwamba nimekutana na mtu wa kwetu. Ina ndugu zake wafupi, wengi tu. Ila kuna ile iliyozalishwa iwe na maua makubwa mwaka mzima, na mtu akiipanda hiyo peke yake katikati ya majani yaliyokatwa mafupi, amewaita wagomvi. Hilo ndilo jina langu kwa wale ndege wa kijivu wenye mdomo wa njano. Wanapenda uwanja wazi ili wamwone kila anayeingia, na wakimwona ndege mdogo wanamshukia ukoo mzima. Mteja mmoja alipanda migrivilea sita ya namna hiyo akaniita aniulize kwa nini hapati ndege mwingine yeyote. Nilimwambia, mama, umepika pilau ya wageni wote, halafu umeweka mabaunsa mlangoni.

Hayo yote sikuyajua nilipoanza. Nilifundishwa na Halil, Mturuki wa Auburn, aliyekuwa na gari dogo la mizigo, mashine mbili za kukatia majani, na mimi. Aliniajiri nikiwa sijamaliza mwaka tangu nifike, Kiingereza changu kikiwa cha kuombea maji. Chake hakikuwa mbali na changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Saa za swala zikifika alitandika mkeka nyuma ya gari nami nikamlindia zana. Alikuwa na sharti moja lililonichosha sana. Kila tulipofika kwenye bustani ngeni alitoa chupa ya chai na vibilauri viwili, tukaketi kwenye ngazi, na hakuna aliyeruhusiwa kushika mkasi mpaka chai iishe.

"Angalia," aliniambia.

"Naangalia nini?"

"Nani anaishi hapa."

Nilidhani anamsema mwenye nyumba. Moyoni nilijisemea kwamba mzee huyu ni mvivu mwenye adabu.

Sasa niwaeleze kosa langu, ambalo ndilo lililonifanya niandike, ingawa nilianza kwa utani. Mwaka wangu wa pili kazini, mwanzoni mwa Mei, Halil alinishusha kwenye nyumba moja ya upande wa kaskazini, karibu na msitu, akaenda kumalizia kazi mahali pengine. Tulikuwa tumechelewa. "Kata majani, safisha njia," alisema. "Mengine nikirudi." Chupa ya chai ikaondoka naye.

Nyumba ilikuwa ya wazee wawili, Mzee Colin na mkewe Beryl. Colin alinifungulia lango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mkewe ana saratani, kwamba hospitali imemrudisha nyumbani kwa kuwa hakuna tena la kumfanyia, na kwamba wamemwekea kitanda sebuleni, dirishani, ili aone nje. Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa mwembamba, amevaa kofia ya sufu, akanipungia mkono. Nilisogea nikamwambia jina langu, naye akalirudia kwa uangalifu. Moyo wangu ukamhurumia kupita kiasi. Kisha Colin akaenda duka la dawa, na Mama Beryl akasinzia.

Nyinyi mliozaliwa huku hamtaelewa yaliyofuata nisipoeleza. Chini ya dirisha lile palikuwa na kichaka. Kilikuwa kimesongamana, kina miiba, kimefika kwenye kioo, na majani makavu yamelundikana chini hata udongo hauonekani. Kwetu mwanamke mwenye kichaka namna ile mlangoni hana sifa nzuri. Kule makazi bwana afya alipita nyumba kwa nyumba, na akikuta nyasi zimefika magotini unafyeka mbele ya majirani wote wakikutazama. Asubuhi unafagia uwanja mpaka mistari ya ufagio inaonekana kwenye udongo, ndipo unaitwa mwanamke. Na halikuwa suala la usafi tu. Mdogo wangu Ezekieli aliumwa na nyoka aliyetoka kwenye kichaka cha lantana nyuma ya jiko letu. Alikuwa na miaka tisa. Baba alimpakia kwenye baiskeli kumkimbiza zahanati, mimi nikikimbia nyuma nimemshika mgongo, na alikata roho kabla hatujafika nusu ya njia. Tangu siku ile mama yangu hakuacha jani lisimame karibu na nyumba yetu, mpaka alipokufa.

Nikamtazama mgonjwa yule, kitanda chake hatua mbili kutoka kwenye miiba ile, dirisha limeachwa wazi kidogo apate hewa. Nikaona nyoka. Sikumwona kwa macho, lakini nilimwona, na nilijua kabisa kwamba namfanyia mama yule jambo la upendo.

Nilifanya kazi saa tatu bila kupumzika. Nilikata, nikang'oa mashina, nikakokota matawi hadi langoni, nikafagia na kufagia tena. Mama Beryl alipofumbua macho nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha na reki mkononi, najivuna. Udongo ulikuwa mtupu na mistari imenyooka.

"Koni," akasema kupitia ule upenyo, sauti imemkauka. "Wataenda wapi?"

Nikadhani anawasema nyoka. "Usiogope, mama," nikamjibu. "Nimemaliza. Hawatarudi tena."

Akageuza uso akaelekea ukutani, mabega yakitikisika. Nikajua nimeharibu kitu, ila sikujua ni nini.

Halil ndiye aliyenieleza aliporudi, baada ya kuzungumza na Colin jikoni. Kichaka kile Mama Beryl alikipanda kwa mikono yake walipohamia pale, kijiti kimoja kimoja, akangoja miaka saba mpaka chozi wa kwanza alipojenga kiota humo. Tangu hapo walikuja kila baridi. Kitanda kiliwekwa dirishani kwa ajili yao. Madaktari hawakumtajia siku, lakini kila mtu ndani ya nyumba ile alijua kwamba baridi hii ndiyo yake ya mwisho, na alichobakiwa nacho cha kungojea ni wale ndege.

Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo nilioufagia, nikalia kwa aibu. Nimeshafiwa, nimeshakimbia nchi, lakini aibu ya siku ile naikumbuka peke yake.

"Nifukuze," nikamwambia Halil.

"Nikikufukuza nani atapanda? Simama. Na hayo matawi usiyatupe."

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Halil hakuwa Mswahili, akaanza kuyazoa. Tulisimika nguzo fupi nane chini ya dirisha, tukafungia matawi yale yale niliyoyakata, tukayasokota moja ndani ya jingine, miiba ikitukwaruza hadi damu. Kilikuwa kichaka mfu. Lakini ndege haulizi kama tawi lina mizizi, anauliza kama mwewe anaweza kupenya. Kisha Halil akakaa garini akawapigia wateja wake mmoja mmoja, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Aliomba kila mmoja amkopeshe chungu kimoja chenye maua, mwezi mmoja au miwili. Nilidhani watamkatia simu. Siku tatu tulizunguka tukikusanya. Daktari mmoja alitoa yale maua ya kengele, ya pinki, yaliyokuwa yakipamba mlango wake. Bibi mmoja wa Kigiriki alitoa fuksia yake huku akinionya kwa kidole kwamba nikiizamisha kwa maji nisirudi kwake. Tulipata vyungu kumi na vinne. Tulivipandisha juu ya matofali ndani ya matawi, maua yachomoze usawa wa macho ya mtu aliyelala. Mbinu hiyo nimeitumia mara nyingi baadaye, na nyinyi wapangaji mnaokatazwa kuchimba ishikeni: matawi makavu kwa maficho, vyungu kwa maua, na mkihama mnahama navyo.

Kuanzia hapo kila asubuhi ya kazi nilipanda treni ya kwanza kutoka Blacktown, kisha basi, nikamwagilia vyungu kabla Halil hajanipitia. Binti yangu Aline aliniambia, "Mama, you'll get sick. Si uombe Colin amwagilie?" Nilimwambia nitaugua nikikaa nyumbani. Wiki ya kwanza Mama Beryl hakunisemesha. Wiki ya pili aligonga kioo kwa kidole.

"Wamekuja?"

"Bado, mama."

Likawa ndilo jambo letu la kila siku, yeye anauliza, mimi najibu bado. Wakati mwingine Colin alinitazama kutoka mlango wa jikoni, na macho yake yalikuwa yakiniomba niseme uongo. Sikuweza. Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja bila kujua, pale niliposema hawatarudi.

Kwa kutaka kuharakisha nikafanya kosa la pili. Nilichanganya asali na maji, nikajaza kwenye chupa, nikaifunga kitambaa chekundu shingoni na kuitundika kwenye nguzo. Kesho yake sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani. Keshokutwa wagomvi walikuja kumi, wakapigana mbele ya dirisha la mgonjwa. Siku ya tatu chupa ilikuwa inatoa povu. Nikasikia kioo kinagongwa, nikageuka, na Mama Beryl alikuwa anacheka mpaka amejishika ubavu kwa maumivu.

"Koni, hiyo sasa ni pombe. Unafungua baa?"

Akanieleza kwamba asali huchacha upesi na huwatia ndege ugonjwa mdomoni, na kwamba yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza pale, alitundika chupa ya sukari akavuna nyigu watupu. Usimlishe, alisema, mpandie. Niliimwaga chupa ile mbele yake na tangu hapo sijatundika nyingine. Kisha akaniita ndani, mara ya kwanza. Aliniuliza kwa nini nilikikata. Hakuuliza kwa hasira, alitaka kujua. Nikamweleza habari za Ezekieli, na baiskeli, na mama yangu.

"Alikuwa mtoto wa namna gani?" akauliza.

Katika nchi hii hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia kwamba alikuwa mbishi, alikuwa akiimba kwa sauti mbaya kanisani, na alipenda kulala na kuku wake mmoja chini ya kitanda. Alisikiliza yote.

"Basi ulikuwa unanilinda," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akanipapasa mkono. Nilimpenda sana mama yule, na siku hiyo nilitaka chozi waje kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nifike Australia.

Nikisogea pembeni kidogo, nyinyi vijana mnaanza kazi wakati mgumu na mwepesi kwa pamoja. Mnayo simu inayowatajia jina la kila jani, na mashine za betri zisizopiga kelele wala kunuka petroli. Lakini wateja siku hizi wanataka majani ya plastiki na kokoto nyeupe, bustani ambayo hata mjusi anaipita haraka. Msiwagombeze. Waombeni kona moja tu, mita mbili kwa mbili, ambayo hawataigusa. Nimepata kona nyingi kwa njia hiyo. Na msikate kichaka chochote kuanzia mwisho wa baridi mpaka kiangazi kipambe moto, ndege wanapolalia, na hata wakati mwingine chungulieni kwanza. Tawi likikatwa kiota kimo, hakuna gundi.

Chozi alikuja Ijumaa ya wiki ya tano. Nilikuwa nimeinama na kopo la kumwagilia, nikasikia frrp juu ya kichwa changu. Niliganda. Alikuwa hatua moja kutoka usoni kwangu, ananing'inia kwenye maua ya pinki ya yule daktari, jicho jekundu, mdomo umezama mpaka mwisho. Niliweka kopo chini polepole, nikarudi kinyumenyume, nikazunguka na kuingia sebuleni kwa kunyata.

Mama Beryl alikuwa amelala, mdomo wazi, uso umelegea. Kando yake alikaa Kemunto, muuguzi Mkenya aliyekuja kila asubuhi kumpa dawa. Mimi na yeye Kiswahili ndicho kilichotuunganisha tangu siku ya kwanza.

"Amekuja," nikamnong'oneza. "Mwamshe."

Kemunto akatazama dirishani, akaona, akashika kifua. Kisha akamtazama mgonjwa wake.

"Mum, huyu hajalala tangu juzi," akasema. "Maumivu ilikuwa mingi sana, alikuwa analia. Hii dawa ndio imemshika tu saa hii. Tumwache apumzike kidogo, please. Si ndege atarudi?"

Ningemjibu nini? Mimi ndiye niliyekuwa nikiimba kila asubuhi kwamba chozi akishaijua njia hurudi. "Atarudi," nikasema.

Colin akaja na kikombe chake cha chai, tukasimama watatu juu ya kitanda kile. Chozi alikunywa ua moja baada ya jingine, akajitosa ndani ya matawi makavu, akatoka upande wa pili, akatua kwenye ukingo wa chungu na kujikung'uta manyoya. Mkono wangu ulikuwa juu ya blanketi, karibu kabisa na bega la Mama Beryl. Nilihisi joto lake. Niliuacha pale. Ndege alikaa dakika kama kumi, kisha akaruka juu ya paa la jirani.

Jumamosi na Jumapili Colin alimwagilia mwenyewe. Jumatatu nilipofika nilimkuta Mama Beryl macho, ameegemezwa kwa mito, akili imetulia.

"Wamekuja?"

"Alikuja mmoja, mama. Ijumaa."

Uso wake ulibadilika, ukawa wa msichana. "Alikunywa ua lipi?"

"Ya pinki. Halafu fuksia kidogo."

"Kichwa cheusi?"

"Cheusi kabisa, kinang'aa."

"Dume," akasema. "Alikaa muda gani?"

Nilitamani kusema alipita tu. "Dakika kumi."

Akafumba macho. Nikadhani usingizi umemchukua, nikaanza kuinuka.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala, mama. Ulikuwa hujalala siku mbili. Tulikuonea huruma."

Akaushika mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa baridi na havikuwa na nguvu, lakini hakuachia.

"Kulala nitalala sana, Koni," akasema. "Mara nyingine niamshe."

Nikamwahidi. Jumanne niliomba ruhusa kwa Halil, nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda tangu jua linachomoza hadi linazama, sikuondoa macho kwenye maua yale hata nilipokuwa nakula. Hakuja ndege. Jumatano nilikuta lango limeachwa wazi na gari la Kemunto limeegeshwa vibaya, tairi moja juu ya majani, na Colin amesimama nje bila viatu. Mama Beryl alikuwa amefariki alfajiri.

Mwezi uliofuata chozi walikuja wanne kwa mpigo. Colin alinipigia simu niwaone, nikaenda, tukawatazama pamoja kutoka upande wa kitanda kitupu. Tulirudisha vyungu vya watu, tukapanda kichaka kipya, nami nilikitunza mpaka Colin naye alipohamia kwa binti yake. Kemunto ni rafiki yangu hadi leo. Tumelizungumza jambo hili mara nyingi, na yeye husema angefanya vile vile, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuyapunguza maumivu. Sina neno naye, alifanya kazi yake. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa kila asubuhi. Mimi ndiye niliyejua anangoja nini, na mkono wangu ulikuwa umeshafika begani.

Wanangu, makosa mengine yote niliyowaandikia hapa yana dawa, na dawa yenyewe nimewapa. Hili la mwisho siijui dawa yake. Mtu akikuambia anachongojea, na siku kikifika ukamkuta amelala, usimwonee huruma. Mwamshe.